Springi za Latifa

Simu ya Nasra ilinikuta nakaanga vitunguu vya pilau. Nasra ni binti yake Latifa, na nilipoisikia tu sauti yake nikajua. Aliniambia mamake amefariki Houston alfajiri ile, na kwamba katika mambo ya mazishi alikuwa ameusia jambo moja tu. "Auntie Zena, mama alisema lazima uwe wewe. To wash her. Alisema wakusubiri." Nikazima jiko, nikavaa buibui juu ya nguo za nyumbani, nikaingia garini. Kutoka Euless ninakokaa, kaskazini mwa Texas, hadi Houston barabara imenyooka na haina la kutazama ila malori na mabango ya mawakili, kwa hiyo mtu hupata wasaa wa kufikiri zaidi ya anavyotaka. Wenzangu wakifiwa huomba dua njia nzima. Mimi nami niliomba, sikatai, lakini baina ya dua na dua nilikuwa namwonea wivu maiti. Nasema kweli. Nilikuwa najiambia, sasa huyu katangulia huko aliko Faraji wangu, na mimi bado niko huku nalipa bima ya gari.

Faraji alikuwa mume wangu, Mungu amrehemu, na mwaka ninaoukumbuka ulikuwa wa kwanza wa ndoa yetu. Tulikaa palepale Euless, katika apartimenti za ghorofa mbili zilizokuwa karibu mno na uwanja wa ndege, ndege ikishuka vikombe hugongana kabatini. Mimi nilifanya kazi katika jiko kubwa linalopika vyakula vya abiria, kutwa napanga kuku na viazi katika visahani vya plastiki. Faraji alipakia mizigo ghalani, na kila Jumamosi alikwenda Arlington kwa fundi mmoja wa bunduki, Mmarekani mzee asiyependa maneno, ambaye mwanzo alimwachia kufagia na baadaye akamwachia kufungua na kufunga. Huko kwetu Mombasa Faraji alikuwa akitengeneza saa, kwa hiyo vyuma vidogo havikumbabaisha. Springi aliziita kamani, kama za saa. Meza yetu ilikuwa moja, na mara nyingi nikitaka kuandaa chakula nilikuta taulo limetandikwa na juu yake bastola ya mtu imelala vipande vipande. Nilikuwa nikimwambia, "Leo twala wali au twala vyuma?" Naye hucheka bila kuinua kichwa. Katika mambo mengine yote alikuwa mtu wa pupa, hata chai aliinywa akiwa amesimama, lakini pale mezani alitulia akawa mtu mwingine, na mimi nilipenda kusimama mlangoni mwa jiko nikimtazama. Nilidhani utulivu ule ni wa vyuma tu. Sikujua kwamba waweza kupewa mtu.

Latifa nilimleta mimi mwenyewe, hilo lazima niliseme. Nilimkuta katika chumba cha kufulia cha apartimenti, anahangaika kutoa shuka zilizolowa kwenye mashine kwa mkono mmoja. Nikamsaidia, tukazungumza, kumbe Mzanzibari, anatunza wazee majumbani mwao, amehamia jengo linalotazamana na letu. Alikuwa ametoroka Houston kwa mume aliyemfungia mlango wa gari mkononi, makusudi, kwa ajili ya neno alilojibu. Vidole viwili vya mkono wa kulia viliunga vibaya, na kikombe alikishika kwa mikono yote miwili. Yule mume alikuwa akimpigia simu kwa namba mpya kila akimzuia, anamwambia najua unapokaa. Nilimwonea huruma ya kweli. Nikamwambia njoo kwetu ule, mbona unakula peke yako kama mkimbizi. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mimi mwenyeji sikuwa naumwa kitu mpaka mgeni alipokuja.

Hakuwa mzuri wa kupindukia. Ningependa kusema alikuwa mzuri, maana ingekuwa rahisi. Alikuwa na sauti ya chini, ya taratibu, na akianza kusema Faraji aliacha kutafuna ili asikie. Mimi nina sauti ya kuitia watu ng'ambo ya barabara. Siku aliyoleta bastola yake, rivolva, alikuja nayo imefungwa katika mtandio wa kijani, akaiweka mezani baada ya kula, karibu na bakuli la pilipili. Alikuwa amenunua dukani, kihalali, maana huku Texas jambo hilo halina usumbufu mkubwa kuliko kukodi nyumba. "Kaka Faraji," akasema, "hichi kitu kinanishinda. Naivuta hiyo triga mpaka machozi yananitoka, wala haitikisiki. Akija yule bwana nitamfanya nini, nimrushie?"

Faraji aliitoa risasi, akahakikisha ni tupu, akatuonyesha na sisi tuhakikishe, ndipo akaijaribu. "Ni nzito kwa sababu," akasema. "Kiwandani wanatia springi ngumu ili nyundo ipige kwa nguvu, risasi ilipuke kila mara. Mimi naweza kukutilia springi laini, triga ije kirahisi, lakini na nyundo itapiga kinyonge. Ikizidi ulaini, utavuta na isilie. Ni kazi ya kupima, Bi Latifa." Kisha akanigeukia mimi. "Zena, nipe birika."

Birika lenyewe lilikuwa la kunawia mikono, la bati jeupe lenye maua mekundu, nililofungiwa na mamangu katika vyombo vya arusi. Alilifunga kwa kamba kwenye triga, akaishika rivolva ikiwa imesimama mdomo juu, akaniambia nimimine maji kwenye birika polepole mpaka uzito uivute ile triga. Basi mimi mwenyewe ndiye niliyemimina. Birika likajaa pomoni, tukaning'iniza na mfuko wa sukari, ndipo nyundo ikanyanyuka ikaanguka, tak. Faraji akatikisa kichwa. Akalifungua birika akampa Latifa, akamwambia alining'inize kwenye kidole chake kile kibovu. "Ukiumia sema, tumwage." Latifa hakusema, ila uso ulikunjamana. Faraji akamwaga maji kidogo. Ukakunjamana. Akamwaga tena. Hakuwa analitazama birika. Alikuwa anautazama uso wa Latifa, ametulia vile alivyokuwa akitulia kwenye vyuma, anangoja mkunjo uondoke. Ulipoondoka akasema, "Hapo. Hapo ndipo kipimo chako." Mume wangu hakuwahi kunitazama usoni muda mrefu hivyo. Hata siku ya arusi alikuwa anatazama viatu.

Kazi ile ilichukua Jumamosi nyingi. Alileta springi katika vipakiti vidogo, akatia, akapima kwa birika, akatoa, akatia nyingine, huku zile za kiwandani amezihifadhi katika kikopo cha iliki. Nikitaka birika la kunawia, halipo. Nikitaka meza, haipo. Jioni moja nikamwuliza, "Na mimi je? Mbona hunitengenezei bastola?" Akacheka. "Wewe wataka bastola ya nini, Zena? Ulimi wako watosha." Nilicheka na mimi, kisha nikaenda bafuni nikafungua bomba ili asinisikie. Mtu akikwambia wewe huhitaji ulinzi, anadhani amekusifu.

Tukila, tulikula sinia moja, kama kwetu. Kila mtu anaijua adabu ya sinia: mwenyeji humsogezea mgeni nyama. Mwezi wa kwanza sikuona neno. Lakini Latifa alikuwa akija karibu kila Ijumaa, na mtu anayekuja kila Ijumaa si mgeni tena, ni mla wali kama wengine, na bado ile nyama ilikuwa ikisafiri kuelekea upande wake. Mimi nilikuwa nahesabu vipande kwa macho. Kisha nikasikia jambo baya zaidi. Nilikuwa jikoni nakuna nazi, wao wako mezani, na Faraji akasema, "Jaribu sasa, Latifa." Si Bi Latifa. Na yeye akajibu, "Imelainika, Faraji, hebu ona." Ule ukaka haukuwapo. Sijui uliondoka siku gani. Niliendelea kukuna mpaka nikajikuna kidole, na damu yangu ikaingia kwenye nazi, nikaimwaga yote.

Alipomaliza alimpeleka Arlington kwenye uwanja wa kulengea shabaha, kuhakikisha kila risasi inalipuka. Nami nilikwenda, nani angenizuia. Nilisimama nyuma ya kioo na vifuniko vya masikio, kwa hiyo sikusikia kitu, niliona tu. Faraji alisimama ubavuni mwake, hakumgusa, nikiri hilo. Alikuwa anamwonyesha kwa kidole chake mwenyewe hewani namna ya kuvuta taratibu. Risasi zote zilitoka. Latifa akaiweka rivolva chini, akageuka, akafunika mdomo kwa ile mikono akilia, na Faraji akatabasamu kama fundi aliyeona saa ya baba yake inatembea. Njiani kurudi, mimi nilikaa mbele, Latifa nyuma, na hakuna aliyesema neno. Nilijua kimya cha aina ile. Ni kimya cha watu wenye furaha wanaomwogopa mtu.

Halafu ikaja baridi. Wenyeji wa Texas wanaijua: mvua inayoganda ikigusa ardhi, matawi yanavunjika, barabara zinakuwa kioo, na umeme unakatika. Sisi tulikuwa na jiko la gesi, Latifa alikuwa na la umeme, kwa hiyo nilimpelekea uji na mablanketi ya ziada, maana wivu ni wivu na uji ni uji. Alikuwa ametuachia ufunguo wake wa akiba, unaning'inia karibu na swichi ya taa. Asubuhi yake, jua limeshatoka, niliamka nikakuta Faraji hayupo kitandani. Sebuleni hayupo. Nikatazama mahali pa birika, na birika halipo. Nikatazama ufunguo wa Latifa, upo. Mtu mwenye busara angesema, ufunguo upo, basi hakwenda. Mimi nilisema, ufunguo upo, basi kafunguliwa kwa ndani. Nikavaa koti kubwa la Faraji la ghalani, nikavuta kofia mpaka kwenye nyusi, nikachukua ufunguo, nikavuka kile kiwanja cha barafu kwa ndara na soksi, nashikilia magari ya watu nisianguke.

Sasa, mtu wa kwetu haingii nyumba ya mwenziwe bila hodi. Hata mgomvi akija kugombana hupiga hodi kwanza. Tunafundishwa hivyo kabla hatujajua kufunga viatu, na hata huku ugenini, kwenye mlango wenye kengele, husikii mtu wetu akibonyeza akanyamaza. Utamsikia na sauti yake, hodi wenyewe. Kwa hodi unampa mtu nafasi ya kujisitiri. Mimi sikutaka kuwapa nafasi. Nilitia ufunguo taratibu, nikauzungusha, nikausukuma mlango kwa bega.

Mapazia yalikuwa yamefungwa. Latifa alikuwa ameketi sakafuni, amejifunga mablanketi, mgongo ukutani, anautazama mlango. Alichokiona ni koti la mwanamume, kofia, na mtu mwenye ufunguo asiyesema hodi. Mikono yake yote miwili ilikuwa mbele. Niliiona rivolva, na nikaona kile kidole kibovu kikikunjika, taratibu, vile alivyofundishwa. Ikasema tek. Sauti ndogo tu, kama mtu amevunja njugu. Wengine husema ukikikaribia kifo unaona maisha yako yote. Mimi sikuona kitu. Nilisema, "Yuko wapi mume wangu?"

Latifa aliiachia rivolva kama imemwunguza. "Zena? Zena! Kwa nini hukupiga hodi? Ungepiga hodi jamani! Yule hapigi hodi, wewe ungepiga hodi!" Akaja kwa magoti akanishika miguu, nami nikakaa sakafuni. Tulikuwa tunapiga kelele sote wawili Faraji alipotokea mlangoni, anapumua moshi, birika mkononi. Alikuwa chini kwenye maegesho, anamwagia maji moto milango ya gari letu iliyoganda, ili anipeleke kazini.

Aliibeba rivolva hadi mezani kwetu, akatandika taulo, akaifungua. Ndani mlikuwa na kitu cheupe kimeganda kama samli. Akakinusa. "Nani ametia mafuta ya nazi?"

"Mie," Latifa akasema. "Ilikuwa inalia ikivutwa. Nikaitia kidogo, kama bawaba."

Faraji alifunga macho. Kwetu mafuta ya nazi ni ya nywele, ya mlango, ya cherehani, ya kila kinacholia, na hayajui kuganda. Huku, katika nyumba isiyo na moto, yalikuwa yameizuia nyundo. Akatoa risasi ile, akaigeuza. Kitakoni palikuwa na kidoti, kiduchu, kama alama ya ukucha kwenye maganda ya embe. "Kwa springi ya kiwandani," akasema polepole, bila kututazama, "nyundo ingeyapita mafuta haya ikapiga. Hii niliilainisha mimi. Haikuwa na nguvu." Kisha akaniwekea ile risasi kiganjani, akakifunga kiganja changu kwa mikono yake miwili, na akalia. Ninayo mpaka leo, ndani ya mkebe wa sindano na nyuzi.

Mwanamke mwingine angemshukuru Mungu akanyamaza. Nilimshukuru, na nikarudia. Lakini usiku huo, umeme umerudi, nimelala kifuani pa mume wangu, wazo lililonijia ni hili: hata uhai wangu ni makombo ya kazi aliyomfanyia Latifa. Kama asingeutazama ule uso mpaka mkunjo ukaondoka, mimi ningekuwa maiti. Utamchukiaje mtu kwa jambo lililokuokoa? Nilipata njia.

Kesho yake mbele yetu sote alizitoa zile springi laini, akafungua kikopo cha iliki, akarudisha za kiwandani, akaapa hataigusa tena. Latifa akaijaribu tupu. Alivuta mpaka mishipa ya shingo ikasimama, nyundo haikunyanyuka, akaiweka mezani, akatazama vidole vyake. Nilimwonea huruma. Na nilifurahi. Vyote viwili vilikaa ndani yangu bila kugombana. Miezi michache baadaye yule mume alihamia mbali na jimbo hili, Latifa akarudi Houston kwa jamaa zake, akaolewa na dereva wa malori, mtu mwema asiyekaa nyumbani, wakampata Nasra. Tukawa watu wa simu za Idi. Faraji sikumsikia tena akilitaja jina lake, na kwa hilo nilijihesabu mshindi.

Haya ndiyo niliyokuwa nayo kichwani nilipoingia chumba cha kuoshea. Tulianza upande wa kulia, kama inavyopasa. Niliuchukua ule mkono mimi, wenzangu wakaniachia. Vidole viwili vilikuwa vimepinda vilevile, na vilikuwa vyepesi, vya bibi kizee. Nilimimina maji polepole. Nikamwambia kimoyomoyo, haya shoga, leo nimekuja na nimepiga hodi. Nililia sana, na kilio kilikuwa cha kweli, na watu walisema hawajaona mashoga waliopendana namna ile.

Baada ya mazishi Nasra alinipeleka chumbani mwa mamake, akanipa kitu kilichofungwa katika mtandio wa kijani uliochakaa. "Mama said it's yours, Auntie. Alisema wewe utajua." Nilikaa kitandani nikafungua. Nikahakikisha ni tupu, nikamwonyesha na yeye ahakikishe, kama nilivyofundishwa. Kisha nikaielekeza ukutani nikavuta, najua haitakuja, maana sasa na vidole vyangu mimi vina yabisi, hata kifuniko cha jamu namwitia jirani.

Ikaja. Laini, kama inateleza. Tak.

Nikavuta tena. Tak.

"Hii nani ameifanya?" nikamwuliza.

"Uncle Faraji," Nasra akasema, kama anayesema jambo la kawaida. "I was little. Alikuja na kile kitaulo chake, akamwambia mama abebe kettle na kidole, like, over and over, na wanamwaga maji. It was so funny. Akasema no more coconut oil."

"Lini?"

"Sijui, Auntie. Nilikuwa naanza shule. I just remember alikuwa na cooler kubwa kwa gari, because alikuwa anakuchukulia samaki."

Samaki. Niliikumbuka safari hiyo papo hapo. Faraji alikuwa ameamka Jumamosi moja akasema samaki wa huku kwetu wanakufa mara mbili, baharini na dukani, na kwamba anakwenda pwani ya Houston kunitafutia nguru mbichi. Alirudi jioni, nguru yumo kwenye barafu, macho yanang'aa. Nilimfanya wa kupaka, kwa nazi niliyoikuna mwenyewe. Tukakaa kwenye sinia, na Faraji akanisogezea vipande vyote vya tumbo, kimoja baada ya kingine, yeye hali. Alikuwa ananitazama usoni. Ametulia kabisa, haondoi macho, mpaka nikaona haya. Nilidhani, hatimaye zamu yangu imefika.

Nilimla yule nguru mpaka kichwa. Nikalamba vidole, nikamwambia, "Faraji, mtamu huyu. Mwezi ujao wende tena."